Msindikizaji wa Wagonjwa

Katika nyumba ile, mtu akiumwa hakuulizwa anaumwa nini. Aliulizwa kama Mama Kadi ameshaambiwa.

Mama Kadi alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa sababu kadi za hospitali za watu wote alizitunza yeye: ya mama mkwe mwenye magoti, ya mume mwenye vidonda vya tumbo, ya wifi mwenye presha, na za watoto wanne. Wauguzi walimsalimia kama mwajiriwa mwenzao. Yake mwenyewe hakuwa nayo. Ya nini, na mtu mwenyewe ni chuma?

Chuma nacho hushika kutu. Mwaka ule alizika mtoto aliyezaliwa bila pumzi, na siku ya tisa akarudi kwenye cherehani, kwa kuwa sare za shule hazingoji mtu. Usingizi ukamkimbia. Chakula kikawa kama kutafuna karatasi. Alishona mkono wa shati wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akaushona tena palepale. Mara nyingine alijikuta anatazama ukuta, asijue ameanza saa ngapi. Marehemu mama yake naye aliutazama ukuta miaka miwili, na watu wakasema ni uvivu.

Ndugu walimpenda, kwa hiyo kila mmoja alimletea dawa. Wifi alisema anawaza sana kwa kukosa shughuli, akamwachia wanawe wawili wamchangamshe. Mume alisema abadilishe hewa, akamtuma akamuuguze shangazi yake majuma mawili. Wenzake wa maombi walisema amkaribie Mungu, wakamkabidhi usafi wa nyumba ya ibada. Alifagia, akaomba kwa machozi, na Mungu ni shahidi hakuacha hata siku moja. Lakini kila dawa ilikuja na ufagio wake.

Asubuhi moja aliaga kwamba anakwenda hospitali.

"Unampeleka nani?" mama mkwe akauliza.

"Naenda mwenyewe, mama."

"Basi kama huna mgonjwa, twende na magoti yangu."

Wakaenda, Mama Kadi akibeba mkoba, mto wa kukalia na chupa ya maji. Kwa daktari, bibi akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, na mkwe wake akasimama nyuma, mahali pake pa siku zote. Magoti yakasimuliwa tangu ujana wao. Daktari, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, akaandika dawa, kisha akauliza kama kuna lingine.

Mama Kadi akafungua mdomo. Akajisikia akiuliza kama vidonge ni kabla au baada ya chakula.

Ni baada ya chakula. Bibi akajikongoja hadi mlangoni, akageuka, akaona hafuatwi. Mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kiti kile, nacho hakijapoa.

"Mwanangu, magoti yameshatibiwa."

"Mama, mgonjwa ni mimi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Daktari akavuta karatasi mpya. Aliuliza juu ya usingizi, juu ya mtoto, juu ya nani humsaidia kazi, hata juu ya mama yake na ule ukuta. Akajibiwa yote, polepole. Akamwambia huo ni ugonjwa, unaitwa sonona, una tiba, na haumwulizi mtu imani yake ni kubwa kiasi gani. Arudi kila Alhamisi, tena asije peke yake.

Bibi alikuwa bado amesimama, kwa kuwa kiti cha pili hakikuwapo.

"Sasa huyu atakuwa analetwa na nani?" akauliza, kwa wasiwasi wa kweli.

Daktari na mkwe wakamtazama yeye. Bibi akayatazama magoti yake, nayo hayakumtetea.

"Alhamisi nina nafasi," akasema mwishowe. Alikuwa akiletwa pale kwa miaka kumi na mmoja. "Ila mnielekeze, hapa mtu anaanzia wapi?"