Habari Njema Aliyoificha Mjomba

"Siku ya tatu hii hamnipi hata uji! Mlitoa vinyama vya utumbo au mlitoa tumbo zima?"

Mjomba alikuwa anamfokea nesi wodini, baada ya upasuaji.

"Baba, nimeshakwambia, ukitoa upepo tu tunajua utumbo umeamka, unakula. Umetoa?"

"Bado."

Nikamtazama. Alikuwa ametoa muda ule ule, nimesikia kwa masikio yangu. Shida ni kwamba mama mkwe wake alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, na mjomba, fundi makochi mwenye heshima zake, mbele ya mkwe hata chafya anaomba radhi.

Nesi akasema basi atamwita daktari, apelekwe kupigwa picha, huenda utumbo umegoma. Hapo nikaona huu sasa ni ujinga.

"Nesi, kajamba. Mara mbili."

"We mtoto!" Mjomba akajifunika shuka mpaka kichwani.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, mpaka machozi. "Toka humo, mwanangu. Daktari kasema vile vinyama vingekaa kidogo tu vingekuwa saratani. Umepona, halafu unaona aibu ya upepo? Mungu ashukuriwe!"

Mjomba akachungulia, kashika mshono. "Asante, mama. Ila msinichekeshe, naumia."

Nesi akaenda kuagiza uji. Mimi nikawaaga, nikawahi karakana ya mjomba, kuna kochi la mteja halijavishwa kitambaa.