Meseji ya Zahanati Iliyomfikia Mke wa Mtu

Mimi ndiye niliyekosea, na baada ya kukosea nikadanganya watu wawili. Leo sidanganyi.

Natengeneza mifumo ya kompyuta, sina bosi, kazi nafanyia chumbani kwangu hapa Mabatini. Nilikuwa na wateja wawili wakubwa. Mmoja ni zahanati iliyotaka mfumo wa kuwakumbusha watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI kufuata dawa zao. Wa pili ni mama wa Kisesa anayeuza vifaranga. Yeye alitaka wateja wake wapate meseji kila vikitotolewa vipya.

Rafiki yangu tuliyesoma naye aliniona nikichanganya kazi za wote wawili mahali pamoja. Akanishauri kila mteja nimtengee eneo lake kwenye kompyuta, lenye pasiwedi zake na majina yake, lisigusane na la mwenzake. Nikamwona mwoga. Kiburi kile jamani!

Mchana mmoja nikawa najaribu meseji za zahanati. Niliamini kompyuta inasoma majina ya kubuni niliyoweka mwenyewe. Kumbe bado ilikuwa imeunganishwa na majina ya kazi ya asubuhi, ya vifaranga. Wateja wa yule mama wakapokea, kila mmoja kwa jina lake, meseji ya zahanati: siku yako ya kuchukua dawa imefika, usikose. Meseji ilitaja jina la zahanati, na kila mtu anajua pale watu wanafuata dawa gani.

Niligundua palepale. Ningetuma meseji nyingine ya kuomba radhi, lakini niliogopa kupoteza kazi. Mama wa vifaranga alipopiga simu nikamwambia ni mtandao. Zahanati nao nikawaambia hivyohivyo.

Haukupita muda yule mama akaja mwenyewe. Akanieleza kwamba mteja wake mmoja, mke wa seremala, amefukuzwa. Mume aliisoma meseji kwenye simu ya mkewe, akamtupia nguo nje watoto wakiona. Sasa yuko kwao Bujora.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ni mtandao kweli?"

Nililia kama mtoto. Nikamwambia yote.

Tukaenda wote kwa seremala. Nilimwamkia, nikaeleza, nikamwonyesha kwenye kompyuta jinsi ilivyotokea. Akapangusa vumbi la mbao mikononi. Kisha akasema twende Bujora.

Mkewe alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia amenielewa. Mume akamwomba msamaha mbele ya wazazi, akamsihi warudi nyumbani. Mkewe akamgeukia.

"Huyu hanijui, amekosea kwenye mashine yake. Wewe tumelala kitanda kimoja miaka yote hii. Ulishindwa hata kuniuliza?"

Akaingia ndani. Hajarudi mpaka leo, na watoto wako kwa bibi yao, mama wa seremala.

Zahanati niliwaeleza ukweli, wakaniondoa. Walikuwa na haki. Mama wa vifaranga bado ananisalimia, na salamu yake inanichoma kuliko tusi.

Ninyi mnaofanya kazi kama yangu, watenganisheni wateja wenu kabla hamjaandika chochote. Msiseme nitafanya kesho. Na ukishakosea, sema saa hiyohiyo, hata kama kazi itapotea. Ningefungua mdomo mchana ule, yule mke wa seremala angelala kwake.