Fundi Pelagia na ndege inayoonekana kutoka mbali

Saa tatu asubuhi, majira ya baridi, na Bethel, mji mdogo wa Alaska, bado iko gizani. Katika banda la ndege lililo ukingoni mwa uwanja, jiko la mafuta linanguruma. Pelagia Tikiun amesimama juu ya ngazi, amebana skrubu mbili kwa midomo, mikono yote miwili imezama ndani ya ncha ya bawa la ndege ndogo ya injini moja.

"Ukimsalimia sasa atakujibu kwa pua," anasema rubani Evon Kinegak, akiingia na kufunga mlango upesi kabla baridi haijamfuata. "Mke wangu huyu hana adabu mpaka anywe chai."

Pelagia si mke wake. Ni binamu yake. Mama yake Pelagia na baba yake Evon ni ndugu wa tumbo moja, na kwa Wayup'ik, wenyeji wa asili wa huku, mabinamu wa namna hiyo ni watani tangu wanazaliwa. Pelagia anatema skrubu kiganjani.

"Mume gani anakuja mikono mitupu?" anauliza. "Samaki yuko wapi?"

Evon anachomoa kifurushi cha samaki wa moshi kutoka ndani ya koti. Pelagia anashuka, anavua glavu, anakula amesimama. Halafu anaingiza mkono kwenye chumba cha rubani na kubonyeza swichi.

Ncha ya bawa inawaka kijani kikali, na pembeni yake mwanga mweupe unapiga, unazima, unapiga tena. Vivuli vya ngazi na mapipa vinaruka ukutani. Pelagia anacheka peke yake.

"Ndege ya kwanza nilimaliza kuifunga taa hizi mwezi uliopita, na bado kila nikiwasha moyo unaruka," anasema. "Nina miaka arobaini na tatu. Nilidhani mambo ya kurukwa na moyo yameniisha."

Pelagia ni fundi wa ndege katika kampuni ya mzee Torvald Amdal, mtu wa huko kusini, nje ya Alaska, aliyekuja kurusha ndege akiwa kijana, akaoa hapa, hakuondoka tena. Kampuni ina ndege tatu. Zinapeleka barua, dawa, nepi, mafuta ya injini na watu kwenye vijiji ambavyo havijawahi kufikiwa na barabara.

Alianza kwa kufagia banda hili hili. Baadaye alikwenda Anchorage kusomea leseni ya ufundi, na aliporudi watu wa kijijini kwao wakataka kujua kama sasa atakuwa akivaa viatu vya kike. "Niliwaambia nitavivaa siku mafuta ya injini yatakapoacha kudondoka."

Kwa miaka mingi, kazi iliyomkera kuliko zote wakati wa baridi ilikuwa taa. Ndege ilikuwa na balbu za kizamani, zenye uzi unaowaka ndani: nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia, nyeupe mkiani, na moja kubwa puani ya kumulikia njia wakati wa kutua. Hiyo ya puani ilikaa karibu na injini, ikitikiswa kutwa. Mwezi wa Desemba, ambapo rubani anaruka gizani asubuhi na kurudi gizani jioni, balbu moja ilikuwa haimalizi wiki mbili.

Tena zilikula umeme. Marubani walizoea kuzima taa wakiwa angani ili redio na feni ya joto visizidiwe, kisha kuziwasha wakikaribia kutua.

"Kwa hiyo ulikuwa na taa ambayo huwezi kuiwasha, na ukiiwasha inakufa," anasema Evon. "Ilikuwa kama huyu binamu yangu asubuhi."

Utani huo ulikatika siku moja mwezi wa Novemba.

Evon alikuwa akishuka kwenye kiwanja cha Nanvaruk, kijiji walichozaliwa wazazi wao, jua likiwa limeshazama na upepo ukisukuma theluji chini chini. Aliwasha taa ya puani. Ilimulika, akaziona alama za mwanzo wa njia, halafu ikazima.

"Nikasema sawa, nitatua kwa kukisia, nimeshafanya hivyo," anakumbuka. "Magurudumu yalikuwa karibu kugusa. Ndipo nikaona kitu cheusi kinakatiza mbele yangu."

Kilikuwa pikipiki ya theluji, inavuta sleji, kigari kisicho na magurudumu. Evon alisukuma injini mpaka mwisho, akavuta usukani. Ndege ikapita juu. Anasema hakuona uso wa mtu, aliona kofia ya manyoya tu, ikiinama.

Alizunguka, akatua, akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza ni nani. Alimkuta mhusika akichemsha chai. Alikuwa Olinka, mjane wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa akitoka kukagua mitego yake ya samaki. Kwa Evon, Olinka ni shangazi. Kwa Pelagia ni mama mkubwa.

"Umeniruka kama bata," Olinka alimwambia, bila kugeuka kutoka kwenye jiko.

"Shangazi, sikukuona."

"Na mimi ningekuonaje? Umekuja giza tupu kama mwizi."

"Niliwasha taa. Ikafa hapo hapo."

"Basi mwambie Pelagia aifufue," alisema Olinka, akamsogezea kikombe. "Kunywa. Mikono yako inamwaga kila kitu."

Evon aliporudi Bethel aliingia bandani, akaegemea benchi la kazi, akasimulia yote kwa sauti ya chini. Alipomaliza alisema tu, "Pelagia, naomba utengeneze taa."

"Nikajua jambo ni kubwa," Pelagia anasema. "Hakunitania. Tangu tuko watoto hajawahi kuniita kwa jina langu."

Usiku ule hakulala vizuri. Anasema balbu ile ilikuwa mpya, aliifunga mwenyewe siku chache nyuma, wala hakukosea kitu. "Hilo ndilo lililoniudhi. Ningekuwa nimekosea, ningejirekebisha. Lakini nilikuwa nimefanya sawa, na bado nusura nimzike mama yangu mkubwa."

Asubuhi alichukua kopo la kahawa ambamo alikuwa akitupia balbu zilizoungua, akaenda ofisini kwa mzee Torvald na kulimimina mezani.

"Hizi ni za msimu huu," alimwambia. "Nataka taa za LED, mzee, zisizo na uzi wa kuungua. Ndege nzima, kuanzia puani mpaka mkiani."

Mzee Torvald si mtu wa kubishana kwa kelele. Aliokota balbu moja, akaigeuzageuza. "Hii ikiwaka ni jiko," alisema. "Theluji ikitua kwenye kioo chake, inayeyuka. Hizo zako ni baridi. Theluji itaganda juu yake, na rubani atakuwa na taa nzuri sana iliyofunikwa blanketi."

"Kweli," alijibu Pelagia. "Lakini hili jiko lako limezima. Jiko lililozima haliyeyushi kitu."

Mzee alicheka kidogo, kisha akatoa uamuzi: ndege moja tu. Ikitokea rubani akashindwa kuona kwa sababu ya theluji, zinarudi za zamani, na Pelagia hatalizungumzia tena suala hilo mpaka mzee astaafu.

Taa zilifika kwa ndege ya mizigo, kwenye kisanduku ambacho Pelagia anasema kilikuwa chepesi mpaka akadhani wamesahau kuweka kitu. Alifungua mabawa, akang'oa kifaa kizito cha zamani kilichokuwa kikirusha mwanga wa kumetameta, akavuta nyaya, akafunga taa mpya moja baada ya nyingine. Siku ya mwisho alikuwa akifanya kazi huku akiimba nyimbo za kanisani.

Alipowasha kwa mara ya kwanza, banda lilijaa mwanga.

"Usitazame puani," alimwonya Evon.

Evon akatazama. Alikaa robo saa akipapasa ukuta na kulalamika kwamba mke wake amempofusha apate kuolewa na mwingine. Mafundi wa banda la jirani walikuja kuona kunawaka nini. Mmoja alikwenda mpaka mwisho wa uwanja, akapiga simu kusema anaweza kuhesabu vidole vyake kwa mwanga wa taa ile.

Kisha Evon akawasha redio.

Badala ya sauti ya mwongoza ndege ilitoka mikwaruzo, nene, kama mafuta yanayokaangwa. Pelagia alizima taa. Sauti ikarudi, safi. Akawasha. Mikwaruzo. Wale wa banda la jirani wakaanza kuaga. Mzee Torvald, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka akaenda zake ofisini.

"Hapo nilikaa kwenye ngazi," anasema Pelagia. "Rubani asiyesikia ni hatari kuliko rubani asiyeona. Nilijiona nimeharibu ndege nzima."

Aliyemnyanyua ni Evon. Aliingia kwenye kiti cha rubani, akavaa vipokea sauti masikioni, akamwambia achomoe taa moja moja naye atakuwa akisikiliza. Walifanya hivyo mchana kutwa. Mkia ulikuwa mzima. Pua nzima. Bawa la kushoto zima.

"La kulia," Evon aliita kutoka ndani. "Umelichomoa?"

"Nimelichomoa."

"Basi huyo ndiye mchawi wetu."

Pelagia alifungua tena ncha ya bawa la kulia, akakuta kosa lake. Waya wa hasi alikuwa ameufunga pale pale ulipokuwa wa zamani, bila kusugua, na chini yake kulikuwa na unga mweupe wa kutu ya bati. Zaidi ya hapo, alikuwa ameupitisha ubavuni mwa waya wa redio kwa sababu ndiyo ilikuwa njia ya mkato.

"Nilikuwa na haraka ya kufurahi," anasema.

Alisugua mpaka bati likang'aa, akavuta waya mpya kwa njia nyingine. Evon alisikiliza muda mrefu, kisha akanyoosha kidole gumba dirishani. Pelagia anakiri kwamba alimkumbatia, na kwamba Evon ameshalisimulia tukio hilo kijiji kizima kwa chumvi nyingi.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda Nanvaruk, na Pelagia alipanda. Alitaka kuiona theluji ya mzee Torvald kwa macho yake. Nyuma yao kulikuwa na mifuko ya barua, dawa za zahanati na keki ya siku ya kuzaliwa ambayo alitakiwa kuipakata.

Walipita juu ya mto ulioganda, theluji nyepesi ikianguka. Taa zote zilikuwa zimewashwa tangu Bethel, na mshale wa umeme kwenye dashibodi haukutikisika. Evon aliugonga kwa kidole akidhani umekwama.

Kijiji kilikuwa bado hakijaonekana ilipoita redio ndogo ya upepo, ile ambayo watu wa Nanvaruk huiacha wazi majumbani kutwa kwa kuitana na kusengenyana. Ilikuwa sauti ya Olinka.

"Nani yuko huko juu? Naona nyota inakuja kwetu."

"Ni mimi, shangazi," alijibu Evon.

"Mwongo. Wewe huwa unasikika kwanza."

"Bado niko mbali. Niko upande wa ziwa kubwa."

"Sasa mbona nakuona?"

Evon alimtazama binamu yake. Pelagia alikuwa ameikumbatia keki. Redio ikakoroma tena.

"Niko kwenye pikipiki, karibu na kiwanja," alisema Olinka. "Nimesimama. Pita, mwanangu."

Evon alitua. Pelagia anasema aliona kila kitu mbele: mawimbi madogo ya theluji, nyayo za mbwa, kunguru wawili wakiruka kutoka njiani. Pembeni, nje kabisa ya alama za kiwanja, mwanamke mnene wa kofia ya manyoya alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake, amekinga macho kwa mkono.

Pelagia aliposhuka, alikwenda moja kwa moja puani mwa ndege na kugusa kioo. Kilikuwa baridi, na theluji ilikuwa imeganda kuanzia pembeni hadi karibu na katikati. Aliifuta kwa glavu.

Hakumficha mzee Torvald. Jioni hiyo hiyo alimweleza: theluji inaganda kweli, haikutosha kumzuia Evon kuona, lakini siku nyingine inaweza kutosha. Mzee alisikiliza, akatoka, akarudi na taulo kuukuu lililofungwa kamba, akalitundika mlangoni mwa ndege.

"Kila rubani atafuta taa kabla ya kuruka," alisema. "Na hali ikiwa mbaya sana, hataruka. Agiza taa za ndege mbili zilizobaki."

Ndiyo maana asubuhi hii Pelagia yuko juu ya ngazi tena. Ndege ya pili itamalizika wiki hii, na ya tatu anataka iwe tayari kabla barafu ya mto haijapasuka. Safari hii anasugua kila kiungo cha waya kabla ya kufunga, na Evon anapita nyuma yake akikagua kwa tochi, akipiga ulimi kama mkwe asiyeridhika.

Lakini akili ya Pelagia imeshahamia kwingine. Kwenye benchi la kazi kuna kisanduku cha taa ndogo nyeupe za kumetameta, na fimbo za plastiki alizozikata mwenyewe. Anataka kila pikipiki ya theluji ya Nanvaruk iwe na taa juu ya fimbo, kiasi cha kimo cha mtu, ili rubani anayeshuka aione hata upepo ukipuliza theluji. Viongozi wa kijiji wamekubali. Kesho anapanda ndege ya barua kwenda kuanza kuzifunga.

"Mpaka sasa tumeifanya ndege ionekane na watu," anasema, akivaa glavu. "Imebaki watu waonekane na ndege."

Evon anataka kujua ataanzia nyumba gani.

"Kwa mama mkubwa," anajibu, akipanda ngazi. "Siku ile alisimama kwa sababu alishangaa. Akishazoea, hatasimama tena."