Walimtunza Mama Akiomba Kwenda Chooni

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Ila jambo hili siwezi kulisimulia kwa mdomo.

Mama yangu alipata kiharusi mwaka juzi, hapa kwetu Mbagala. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakapotea. Anaelewa kila unachomwambia, lakini akitaka kujibu hutoka "ta, ta, ta", halafu machozi. Kilichotushangaza ni kwamba redio ikipiga kaswida anayoijua, anaimba maneno yote, tena yamenyooka.

Kwenye kliniki ya mazoezi tunakompeleka Temeke kuna mwalimu wa muziki. Alituambia maneno yakigoma kupita kwenye kusema, tuyapitishe kwenye kuimba. Akachukua mahadhi ya wimbo ambao mama alikuwa akiimba anapochoma vitumbua, akayawekea maneno ya nyumbani. Kazi yangu ni kumgonga kiganja cha kushoto taratibu. Tunaanza kuimba pamoja, kisha mimi nanyamaza, yeye anaendelea. Ilichukua miezi. Siku aliyoimba peke yake, "Naomba maji, mwanangu," nilimwaga nusu ya kikombe. Baadaye likaja, "Nipelekeni chooni." Hilo ndilo lililomrudishia heshima. Tukaacha kumvalisha nepi.

Kisha ikaja arusi ya binti wa mama mdogo. Mama mdogo alishamsikia dada yake akiimba, akaona ni jambo la kujivunia. Siku ya shughuli ya wanawake, taarabu imekolea, akamkalisha mama mbele ya watu na kumwekea maiki mdomoni.

"Mama mdogo, mama ni mgonjwa, haimbi kwa ajili ya shughuli," nikamwambia.

"Hebu niondolee ushamba wako! Dada yangu huyu, nimezaliwa nimemkuta anaimba."

Mama akaimba kweli. Akaimba, "Nipelekeni chooni."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akarudia kwa sauti zaidi, jicho lake likinitafuta.

"Mashairi mapya hayo!"

"Bi mkubwa ana vituko huyu! Mtunzeni, jamani, mtunzeni!"

Mpiga kinanda akayadaka yale mahadhi na kuyafuata. Wanawake wakainuka wakicheza, noti mikononi, wakambandika kwenye paji la uso lililojaa jasho, wakamchomekea kifuani. Mmoja vidole vilikuwa bado vina mafuta ya pilau. Mwingine aliilamba noti kwanza ili inate. Nilimwona ulimi. Kadiri mama alivyoomba, ndivyo walivyomtunza, na simu zimeinuliwa juu kumrekodi. Nilipiga kelele, lakini spika zilinimeza. Nikapenya katikati ya makalio yao na manukato yao. Nilipomfikia, kanga ilishalowa na mkojo ulikuwa unatiririka chini ya kiti.

Yule mwenye noti ya mate akaruka nyuma, kaziba pua. "Khaa! Si angesema?"

Alikuwa akisema muda wote.

Kesho yake mama mdogo akaja na zile noti kwenye kitambaa. "Riziki ya mama yako hiyo. Na kuna watu Mbezi Beach wameiona video, wanamtaka kwenye shughuli yao." Alikuwa anatabasamu. Mimi huwa siinui macho mbele ya wakubwa, lakini siku ile nilimtazama usoni, nikamwambia mama haendi popote, na kitambaa chake arudi nacho. Akanuna na kuniita mtoto asiye na adabu. Aniite apendavyo. Video ile bado inazunguka kwenye simu za majirani, na wakiniona wanaimba kwa pua, "Nipelekeni chooni." Salamu zao zinanitia kinyaa.

Mama haimbi tena. Nikimgonga kiganja anauvuta mkono na kubana midomo. Nepi zimerudi. Mwalimu wa muziki hamlazimishi. Anakaa naye, anapiga ngoma ndogo bila maneno, anasubiri. Juzi nikiwa uani nilimsikia mama akiguna mahadhi yale ya vitumbua peke yake chumbani. Nilipofungua mlango akanyamaza.

Nyinyi mnaosoma, kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa aliyerudishiwa maneno kwa wimbo, kisha watu wakamtia aibu akafunga mdomo, tafadhali niandikieni mlifanya nini hata akaufungua tena. Nitaandika majibu kwa kila mmoja.