Kidole Kwenye Redio

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiisimulia naona aibu. Mto Sosiani ulikuwa umefurika, maji yakaingia nyumba za mtaa wa Langas. Wanajeshi walikuja na boti moja, wakatugawia sisi wa kujitolea redio zao mbili, wao wakabaki na yao kwenye boti, ili tuwaelekeze mahali watu walipokwama. Simu za mkononi hatukuzijua bado.

Redio moja nilipewa mimi, nikawekwa darajani. Ya pili alipewa Mwalimu Cheptoo, mama aliyenifundisha shule ya msingi, akavuka nayo ng'ambo.

Basi nikaringa. Alipita msichana niliyempenda, nikaikumbatia redio kifuani na kumwambia, "Unaona? Jeshi lote linanitegemea mimi." Nikaendelea kujisifu, wala sikujua nimefinya kitufe cha kusemea. Na redio zile, ukifinya kitufe husikii mtu, wala mwingine hawezi kupata nafasi ya kusema. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Mimi siku hiyo nilijikwaa vyote viwili.

Mara mwanajeshi aliyekuwa akinisikia redioni akaja mbio, matope mpaka magotini. "Toa kidole, kijana!"

Nikakitoa. Sauti ya Mwalimu ikaingia papo hapo: "Boti, njooni! Tuko juu ya mabati, mimi na nyanya mmoja na watoto wawili. Nyumba inaenda na maji!"

Boti ilifika. Watoto wakaokolewa, nyanya pia. Mwalimu alikuwa wa mwisho, na paa likaporomoka kabla hajashikwa. Walimtoa hai, lakini mkono wake wa kulia haukunyooka tena.

Nilimwendea hospitalini nikilia. Hakunigombeza. Aliniwekea kichwani mkono uliobaki mzima.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Kila neno. Nilikuwa naomba tu umalize." Kisha akaongeza: "Kesho rudi darajani. Watu bado wamekwama."

Nilirudi, mwanangu, na aibu yangu, nikafanya kazi.

Sasa nimesikia vijana wa mtaa wa Kimumu wamekuchagua ushike redio ya uokoaji, uongee na wanajeshi mvua zikizidi. Nimefurahi. Ila kabla ya kusema, sikiza. Ukisema, sema ulichokiona na mahali kilipo, kisha toa kidole, maana kuna mtu juu ya bati anangoja umalize. Na ukikosea, usijifiche, rudi kazini.

Mungu akupe sikio jepesi na ulimi mzito, na kila anayekuita akupate.