Bi Hatamu Amtafutia Mjukuu Farasi

Wauza farasi wana neno moja wanalolipenda kuliko yote: mpole. Muulize umri wa mnyama, atakwambia mpole. Muulize kwa nini sikio limechanika, atakwambia mpole huyo, hana neno na mtu. Bi Hatamu alikuwa amelisikia neno hilo kwa miaka ishirini na sita ya kutunza farasi wa watu, na kila alipolisikia alikunja uso kama aliyelambishwa shubiri. "Mpole hata mimi nikilala," alikuwa akisema.

Jina la Bi Hatamu alipewa kazini, kwa sababu hatamu, zile kamba za ngozi za kumwongozea farasi, hazikumtoka mkononi. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na mdomo usiojua likizo. Aliongea na farasi tangu anaingia bandani mpaka anatoka: habari za mvua, za goti lake, za jirani aliyeazima ngazi na kuisahau. Na mkono wake haukubanduka mwilini mwa mnyama. Akizunguka nyuma, kiganja kinateleza mgongoni mpaka kwenye mkia, ili farasi ajue alipo. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa, na aliyeifanya vingine alifokewa, awe tajiri, awe nani.

Watu walitoka mbali kuja kumwomba awachagulie. Akisema "huyu", wanachukua. Akisema "hapana", wanageuza gari wala hawaulizi mara mbili.

Safari hii farasi alitakiwa na mjukuu wake mwenyewe, binti wa miaka sita, mtoto pekee wa mwanawe pekee. Bi Hatamu humwita "mke mwenzangu", na mtoto hubinua mdomo akajibu kwamba marehemu babu alimpenda yeye zaidi. Tangu ana miaka mitatu alikuwa akipakiwa juu ya farasi wa kazini, ameshikwa kiuno. Sasa alitaka wake, mdogo, wa kumtosha. Baba mtu, mwalimu wa shule, alikubali siku ile ile. Mlima ulikuwa mama mtu.

Mkwe wa Bi Hatamu ni muuguzi katika chumba cha majeruhi. "Mama, mimi ndiye ninayewapokea wakishaanguka," alisema jikoni, akiifuta sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani. "Pikipiki, ngazi, farasi, wote wanaletwa kwangu. Nawaosha damu. Na huyu sina mwingine."

"Najua, mwanangu."

"Farasi siwajui. Nakujua wewe. Ukiniambia huyu ni salama, nitafunga mdomo wangu. Lakini uniambie kama mtu ambaye mtoto ni wake."

"Ni wangu."

"Basi."

Tangu siku hiyo Bi Hatamu hakuwa na raha. Alikuwa amewachagulia watoto wa watu farasi wasiopungua arobaini, akarudi nyumbani akala akashiba. Huyu mmoja alimkaa kooni. Mtoto akiumia atakuwa ameumizwa na yeye, kwa kinywa chake, na mkwe wake hatamwamini tena mpaka wanazikana.

Wa kwanza waliyemwona alikuwa na miaka mitatu, miguu kama ya meza mbovu, kila kitu kinamshtua. Bi Hatamu hata mlango wa gari hakuufunga. "Farasi hajui, mtoto hajui, nani atamfunza mwenzake?" Wa pili alikuwa mweupe, manyoya ya shingo yanamwagika, mtoto akashika mashavu kwa furaha. Lakini mtoto alipocheka, farasi alilaza masikio nyuma, dalili ya hasira. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Waliondoka, na mtoto alilia njia nzima, na bibi mtu alimwacha alie.

Wa tatu aliitwa Kibuyu, kwa ajili ya tumbo. Alikuwa wa kahawia, wa miaka kumi na minne, mgongo wake chini kiasi kwamba hata mtu akiteleza ardhi haiko mbali. Mfugaji wake, mzee mwenye kofia iliyopauka, alimfunga ubavuni mwa ukuta akasema neno lile lile, mpole. Bi Hatamu akamkata jicho, akaanza kazi.

Alifungua mwavuli ghafla, akaangusha ndoo ya bati, akapeperusha mfuko wa plastiki. Kibuyu akaendelea kutafuna. Aliinua kwato zote nne moja moja, akihadithia habari za ngazi yake. Aliangalia meno, miguu na macho, na macho yaling'aa yote mawili, hayana ukungu wala chozi. Alirudi siku nyingine bila kutoa taarifa, kwa sababu mnyama aliyeandaliwa si mnyama aliyefumaniwa. Kibuyu alikuwa yule yule. Mtoto alipandishwa, akazungushwa, akashushwa. Bi Hatamu alitafuta kosa mpaka akaona aibu kutafuta.

Safari ya tatu walikwenda na mkwe. Alisimama nje ya uzio na sare zake za kazini, ametoka zamu moja kwa moja, mikono imekunjwa kifuani. Mtoto akapanda, akazunguka uwanja mara nne, mara ya mwisho bila kushikwa. Mkwe akashusha pumzi.

"Mama?"

"Huyu ni salama," akasema Bi Hatamu. Ndiyo hivyo, neno likatoka.

Walimfunga Kibuyu kwenye nguzo ya uzio. Mfugaji akaenda kuchota maji. Bi Hatamu akafungua tandiko, akaugeukia uzio kulitundika, akawa anamwonyesha mkwe jinsi mkanda unavyokazwa. Kwa dakika moja ile, kinywa chake na mkono wake vilikuwa kwingine.

Sasa, farasi hukaribiwa kwa kushoto kwake. Hupandwa kushoto, huvutwa kushoto, hutandikwa kushoto, na wanaoifanya kazi hiyo hawakumbuki hata sababu. Ila mjukuu huyu ni wa mkono wa kushoto, hata kijiko anashika huko, na kila alipoachwa mwenyewe alijikuta upande wa pili. Ameambiwa mara ngapi. Siku hiyo alikuwa na karoti, na alitaka kumshtukiza rafiki yake mpya. Akanyata kwa kulia, bila sauti, akanyoosha mkono, akamgusa shavu.

Kibuyu aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kamba ikamzuia, akarudi kwa kishindo, bega lake likampiga mtoto akaanguka chini ya tumbo. Farasi alisimama anatetemeka, macho yamemtoka, na kwato ya mbele ya kulia ilikuwa juu ya mkono wa sweta la mtoto, kando kabisa ya kiwiko.

Mkwe alifungua mdomo. "Usipige kelele," Bi Hatamu akamwambia bila kumtazama. "Nakuomba. Akishtuka tena atakanyaga."

Mkwe akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Yeye anayeshona vichwa vya watu akachuchumaa nje ya uzio, usawa wa mwanawe.

Bi Hatamu alitembea. Miguu ilitaka kukimbia, akaikatalia. "Haya, baba, ngazi yangu bado hajarudisha," alianza. "Mwezi wa tatu huu. Mke mwenzangu, usijitikise. Unanisikia? Jifanye gogo."

"Ndiyo, bibi," ikasema sauti ndogo kutoka chini.

Kiganja kikafika shingoni. Jasho la mnyama lilikuwa baridi. Akapita chini ya shingo, polepole, mkono haubanduki, mpaka akawa upande wa kulia, mguu wake karibu na kichwa cha mtoto. Akaegemea bega la Kibuyu kwa uzito wake wote, akashuka na mguu kwa kiganja mpaka kwenye kifundo, akabana. Farasi hakuinua. Akabana tena, anaongea, haachi kuongea. Uzito ukahama. Kwato ikainuka kidogo tu.

"Vuta mkono. Gaagaa kwenda kwa mama."

Mtoto akagaagaa kwenye vumbi, akapita chini ya uzio. Mkwe akamdaka. Bi Hatamu akaiweka kwato chini taratibu kama yai, akanyanyuka, na hapo akawa ana kwa ana na jicho la kulia la Kibuyu. Lilikuwa safi, linang'aa. Akapitisha kiganja mbele yake. Halikupepesa. Akapitisha tena, karibu mpaka kope zikaguswa, na ndipo farasi akatupa kichwa.

Jicho lilikuwa kipofu. Na wiki mbili nzima hakuliona, kwa sababu kila alipozunguka kulia alikuwa amemshika na anamwongelesha. Kibuyu hakuhitaji kumwona. Mwavuli, ndoo, mfuko, vyote alivileta kwa kushoto, kama alivyofunzwa, kama alivyowafunza wengine kwa kuwafokea.

Nje ya uzio muuguzi alikuwa ameshapapasa kila mfupa wa mwanawe. Mkwaruzo wa kiwiko, basi. Mtoto akaanza kulia sasa hatari ilipokwisha.

"Nimekosea, bibi. Nimepita upande usiofaa."

Mfugaji alikuwa amefika na ndoo yake. "Mmemsikia mwenyewe," akadakia. "Mtoto kapita vibaya. Mnyama hana kosa, ni mpole."

Mkwe akainua uso. "Ni kweli, Mama? Ni yeye aliyekosea?"

Mlango ulikuwa wazi. Mtoto amekiri, mwenye farasi ameshuhudia, na kweli alikuwa amekatazwa mara mia. Bi Hatamu alimwangalia mjukuu wake, machozi na vumbi, anasubiri kuambiwa kwamba ni mkosaji.

"Hapana. Aliyekosea ni mimi. Farasi haoni kwa jicho hili, nami nimekwambia ni salama. Sikulipima. Ungeweza kumpoteza mtoto kwa neno langu."

"Nilidhani umeona," mfugaji akanung'unika. "Si ndiye mjuzi wewe?"

Mkwe alimbeba mtoto hadi kwenye gari, na njia nzima hakusema ila maneno mawili: "Farasi basi." Bi Hatamu hakubembeleza. Alikaa kiti cha nyuma, mikono mapajani, hajui aiweke wapi.

Siku nane zikapita za salamu na "nipitishie chumvi" tu. Kazini watu walishangaa Bi Hatamu hafoki. Mteja mmoja aliomba achaguliwe farasi, akaambiwa atafute mwingine mwenye macho.

Siku ya tisa, mchana, mkwe alimkuta akiosha vyombo, akachukua kitambaa akaanza kukausha.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema.

"Ndiyo."

"Ningemkanya mtoto, yakaisha."

"Ndiyo, mwanangu."

Mkwe akakausha vikombe viwili. "Kazini tuko kumi na wawili. Wote tunakosea dawa, Mama, usidanganywe na mtu. Wanaokuja kuniambia, 'Dada, nimekosea', kabla mgonjwa hajazidiwa, ni wawili. Hao ndio ninaoomba nipangwe nao zamu." Akakitazama kikombe ndani, kama kuna kitu. "Jumamosi sina kazi. Twende tukaangalie mwingine. Nitakuja na wewe kila safari, na nitakuuliza maswali ya kijinga."

Bi Hatamu alitaka kusema jambo. Yule mwanamke wa mdomo usiojua likizo alisimama mbele ya sinki, maji yanamwagika, na sauti haikutoka.