Fundi Meno na Vyambo vya Akiba

Samaki wa habari hii ana mdomo mkubwa kuliko akili, na bado kwa miaka kumi na mmoja alimtoa jasho mtu mzima mwenye cheti. Wavuvi wa bwawa la maji ya mji humwita mdomo-mpana. Ni mnene, rangi yake kijani kilichochujuka, na hula kila kitu: vyura, panzi, hata watoto wake mwenyewe. Kila kitu, nasema, isipokuwa kile anachotupiwa na Fundi Meno.

Fundi Meno alikuwa na miaka hamsini na minne, na kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Mezani pake zilipangwa taya za plasta, kila moja ina jina la mwenyewe kwa penseli. Wagonjwa hawakumjua sura, ila walitafunia kazi ya mikono yake. Na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Meno yakimkataa mtu, Fundi hakubishana. Aliyatoa, akasugua hapa, akajaza pale, akayarudisha, na yakikataa tena alianza mengine. "Mdomo haulazimishwi," aliwaambia wenzake, "mdomo unabembelezwa." Bahati mbaya, maarifa hayo ya kliniki aliyabeba mzimamzima mpaka bwawani.

Alianza kama watu wote, na chambo kimoja cha bandia, kidagaa cha mbao chenye ndoana mbili tumboni. Hakikuliwa. Akanunua cha akiba, kijiko cha bati kinachometameta. Nacho hakikuliwa, basi akanunua cha kukishikia zamu kile cha akiba. Wakaja minyoo ya mpira, vyura wa mpira, na mdudu mmoja mwenye sketi ya nyuzi ambaye hata mtengenezaji wake nadhani hakujua ni nani. Halafu akaanza kuunda vyake, kwa masalio ya ile plastiki ya waridi inayotumika kuwa ufizi. Jamani, vidagaa vya rangi ya ufizi! Kimoja alikitia jino la mbele mahali pa jicho, na ukikitazama sana unaona kama kinakucheka.

Vyote hivyo vilikaa katika chumba kidogo kando ya jiko, kwenye rafu tatu, ndani ya masanduku yenye lebo za mwandiko mzuri: "Maji Safi", "Mawingu", "Wakigoma", na moja la mwisho, "Wakigoma Kabisa". Alikipenda chumba kile, alikipenda vibaya. Kutwa nzima kliniki vitu vyake vilirudishwa: hili linabana, hili linapwaya, hili linanifanya nipige mluzi nikisema. Mle ndani hakuna aliyemrudishia kitu. Na samaki je? Samaki hakuwahi kumpata hata mmoja. Kila Jumamosi alirudi na mikono mitupu na maelezo marefu.

Mkewe, mshonaji wa mapazia, alikuwa mvumilivu, lakini uvumilivu wake uliishia kwenye mlango wa chumba hicho. Na mwaka huo mama yake, aliyeishi peke yake ghorofa ya tatu, alianguka ngazini mara mbili.

"Mama anakuja Ijumaa," mke alisema. "Anakuja kukaa, si kutembea. Hapa kwetu chini hakuna ngazi. Nataka kile chumba."

"Mama watoto, nipe muda kidogo."

"Miaka kumi na mmoja nimekupa. Haya, nakupa Jumamosi moja. Niletee samaki mmoja, mmoja tu, uliyemvua wewe mwenyewe kwa hivyo vidude vyako, na usiniletee wa sokoni, maana nakujua. Ukimleta, chumba ni chako na sitasema neno, mama ataenda kwa kaka. Usipomleta, Jumapili asubuhi nayatoa masanduku mwenyewe, na pa kuyatupa sitachagua."

Fundi alikubali haraka mno. Kwa huyo kaka ni ghorofa ya nne, na mke wa kaka na huyo mama hawapikiki chungu kimoja. Hayo Fundi aliyajua, ila siku ile aliona vyema asiyawaze.

Ijumaa mama mkwe akaingia na sanduku moja la nguo na saa yake ya mkononi. Miaka ishirini na saba alikuwa karani wa mahudhurio kwenye kiwanda cha nguo: aliyeingia, aliyetoka, aliyechelewa dakika ngapi. Meno yake yalikuwa yake mwenyewe, yote thelathini na mawili, jambo ambalo mkwewe hakuwahi kumsamehe.

Jumamosi alfajiri mke alikuwa na mapazia ya kwenda kutundika kwa mteja. "Mama hawezi kubaki peke yake na miguu ile. Nenda naye bwawani, apunge upepo."

Masikini Fundi! Mbele ya mama mkwe mtu hata kujikuna hujiuliza mara mbili, naye sasa anatakiwa kushinda naye kutwa, tena siku ambayo alikusudia kuwatukana samaki kwa sauti. Akabeba masanduku matatu, fimbo ya kuvulia na kigoda, wakaondoka.

Saa moja kamili alikuwa ameshatupa ndoana. Alianza na kidagaa cha mbao. Akavuta polepole, mara mbili, mara tatu. Kimya. Akakitoa, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha kwenye kijumba chake sandukuni, akashika kidevu, akachagua kingine, akavaa miwani, akafunga fundo, akalitia mate, akalikaza, akakata uzi kwa meno. Akatupa. Kimya. Akatoa.

Kinyozi mmoja, jirani yake pale ukingoni, alikuwa ametupa mnyoo wake, kaegemea mti, kofia usoni. Saa tatu uzi wake ukakaza. Alivua samaki wa kama kilo moja bila hata kusimama vizuri.

"Fundi," alisema, "leo umekuja na mkaguzi?"

Maana mama mkwe, juu ya kigoda chake, alikuwa na penseli na bahasha kuukuu, na kila baada ya muda aliitazama saa yake na kuandika kitu.

"Unaandika nini, mama?"

"Mambo yangu tu, baba. Wewe endelea."

Akaendelea. Kijiko, chura, mdudu mwenye sketi. Jua likapanda. Saa sita akafungua "Wakigoma". Saa saba na nusu akafungua "Wakigoma Kabisa", na kile kidagaa chenye jino kikaenda majini kikicheka na kikarudi kikicheka. Hapo Fundi aliogopa kweli. Aliona rafu zake tupu, akaona masanduku yake jalalani. Akafunga mnyoo wa mpira wa kahawia, wa kawaida kuliko vyote, kwa sababu ndio uliokuwa karibu na mkono. Akatupa. Na kabla uzi haujatulia, mkono ukaanza kuuvuta.

"Baba," mama mkwe akasema, "nikuulize kitu?"

"Niulize, mama."

"Tangu saa moja mpaka sasa saa nane na robo, ni muda wa saa saba na robo. Ndoana yako imekaa majini dakika hamsini na mbili." Akaigeuza bahasha ili aone mwenyewe. "Zilizobaki zote ulikuwa unabadilisha. Ungekuwa kiwandani kwangu, ningekuandika mtoro."

Kinyozi akacheka chini ya kofia yake.

Halafu mama akainuka taratibu, akafunga kifuniko cha sanduku kubwa, akakaa juu yake, na miguu akaiweka juu ya yale mawili mengine. Basi. Mkwe gani duniani atamwambia mama mkwe anyanyue makalio? Fundi alibaki na fimbo mkononi na mnyoo wake mmoja majini, amefungiwa nje ya mali yake.

"Mama, hujui," sauti ikamtoka nyembamba. "Leo nikikosa samaki, chumba changu..."

"Najua. Binti yangu aliniambia kwenye simu. Ukikosa, mimi nalala mle. Ukipata, naenda kwa mkaza mwanangu."

Fundi aligeuka, akamtazama. "Sasa mbona unanisaidia?"

"Nani anakusaidia? Nimechoka kukuandika."

Dakika kumi zikapita, na mikono ikamwasha. Dakika ishirini. Alijikaza kisabuni, akahesabu matete, akamwonea kinyozi wivu, akapanga moyoni ni chambo gani kingefaa kwa upepo ule. Mara mbili alilitupia sanduku jicho, na mara mbili alikutana na viatu vya mama mkwe. Dakika arobaini. Alipofikia hatua ya kutofikiri chochote, uzi ukasogea wenyewe, ukaenda kando, ukakaza.

Loo, siku hiyo! Alivuta, akavutwa, akaingia maji mpaka magotini na viatu vyake vya kliniki. Kinyozi alisimama safari hii. Samaki akaruka, akatikisa kichwa, akazama, akachoka. Fundi alimkumbatia kifuani kama mtu aliyepokea mtoto, machozi yakimtoka bila aibu yoyote. Kisha, kazi ni kazi, akamfungua kinywa akachungulia. Vimeno vidogo vidogo, kama msasa, vyote vimekaa sawa.

"Saa tisa na dakika tano," mama mkwe alisema, akaandika.

Furaha ilimchukua mpaka kwenye ngazi za kutokea bwawani. Zilikuwa ngazi tisa. Mama alipanda nne, akasimama, akashika ukuta, akatazama mbele kana kwamba alikuwa anapendezwa na mandhari. Fundi aliweka masanduku chini, akampa mkono. Mkono wa mama ulikuwa mwepesi na umelowa jasho, nao ulimshika kwa nguvu kuliko alivyotegemea. Walipanda moja, wakapumzika, wakapanda nyingine. Hakulalamika, wala hakusema lolote kuhusu ghorofa ya nne. Ni Fundi aliyezihesabu ngazi hizo kichwani, na alipofika juu, samaki alikuwa mzito kuliko alipomtoa majini. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

Mkewe alifungua mlango, akaona mkia umetokeza kwenye mfuko, akashika mdomo.

"Makubwa! Nani kamvua huyu?"

Fundi alifungua kinywa. Miaka kumi na mmoja alikuwa amelifanyia mazoezi jibu la swali hilo, mbele ya kioo na pasipo kioo.

"Mama," akasema.

Mama mkwe akamtazama. Miaka ishirini na saba hakuwahi kuandika dakika moja ya uongo, hata kwa ndugu. Alivua viatu vyake polepole, kimoja, kisha cha pili.

"Kwa mnyoo wa mpira," alimwambia binti yake. "Kazi rahisi tu."

Mke alicheka mpaka akakaa sakafuni. Miaka kumi na mmoja! Na mama siku moja tu! Aliwapigia simu dada zake, akamwita jirani wa ng'ambo aje aone, na kabla samaki hajaparuliwa magamba nyumba nne zilikuwa zimeshapata habari. Fundi wakati huo alikuwa anatoa masanduku chumbani, moja moja, bila kuambiwa, akiyapanga uvunguni mwa kitanda chake. "Wakigoma Kabisa" halikuingia. Aliliacha koridoni.

Mezani mke alimpakulia mama kipande cha katikati, kinono, na mkia akampa mumewe.

"Kula, usione haya," alimwambia, bado akifuta machozi ya kicheko. "Kwani si na wewe ulikuwepo? Ila mshukuru mama kwanza."

Fundi Meno aliutazama mkia wa samaki wake wa kwanza.

"Asante, mama," akasema.

"Karibu, baba," mama mkwe akajibu, na akamsogezea chumvi.